Kitabu Hiki Nimekuletea Wewe: Namna ya Kumpendekezea Mtu Kitabu Ulichomaliza Kusoma

Julai mwaka juzi, baridi ya Uyole ikiwa imeshika kweli, nilimwazimisha jirani riwaya niliyokuwa nimeimaliza usiku uliotangulia. Nilimwambia maneno manne tu: "Hiki ni kizuri sana." Baada ya wiki mbili alinirudishia kwa adabu zote, kimefungwa kwenye mfuko safi, akashukuru. Kipande cha gazeti alichokuwa ameweka kama alama kilikuwa bado kwenye ukurasa wa 23.

Kitabu hakikuwa na kasoro. Jirani naye si mvivu wa kusoma, maana gazeti la Jumamosi hulimaliza lote hadi matangazo ya tanzia. Kosa lilikuwa langu. Nilikisifu kitabu bila kumfikiria yeye.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Hapa Mbeya tuko saba tunaosoma na kuazimana, na dada yangu yuko Iringa na wenzake wanne, kwa hiyo vitabu vyetu vinapanda na kushuka barabara kuu kila mwezi. Haya ninayoandika tumeyajaribu kwa miaka miwili. Hatua tatu za mwanzo ndizo zenye uzito. Ukizikosea hizo, zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya kwanza: andika kabla hakijapoa

Ukimaliza kitabu, usifungue kingine siku hiyo. Ndani ya siku mbili chukua daftari uandike nusu ukurasa. Usiandike muhtasari. Muhtasari uko nyuma ya jalada tayari, umeandikwa na anayetaka kitabu kinunuliwe. Andika mambo matatu: mahali paliponishika, mahali paliponichosha, na mtu aliyenijia akilini nikiwa nasoma.

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika upesi. Unaposoma, watu hujileta wenyewe. Hapa mama mdogo angecheka, pale fundi wa Mafiati angebisha hadi chai ipoe. Likikujia jina, liandike papo hapo kwenye kipande cha karatasi ulichoweka kama alama. Ukisema utalikumbuka baadaye, hutalikumbuka.

Nitoe mfano kutoka daftari langu. Kitabu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata tukaipata kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Niliandika hivi:

"Paliponishika: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondoka nyumbani na mfanyabiashara anayemdhani ni ndugu yao. Hajui kwamba baba yake amemtoa kwa ajili ya deni. Niliacha kusoma nikaenda kuwachungulia watoto wamelala. Paliponichosha: msafara wa kwenda bara, watu ni wengi, nilirudi nyuma mara mbili. Mtu: dada. Alilelewa kwa shangazi tangu darasa la tatu."

Maneno hayajafika hata hamsini na tano, lakini miezi sita baadaye nikiyasoma najua kabisa nikiseme vipi na nimpe nani.

Usiruke ile sehemu ya kuchosha. Wengi wanaona kama ni kumvunjia mwandishi heshima. Ninavyoona mimi, msomaji akiambiwa mapema kwamba kurasa za katikati zinakwenda pole pole, atazivuka. Asipoambiwa, atajiona yeye ndiye asiyejua kusoma, na ataacha kimya kimya kama alivyoacha jirani yangu.

Hatua ya pili: mjue mtu, ndipo uchague kitabu

Kama jina lilikujia ulipokuwa unasoma, nusu ya kazi imekwisha. Kama halikukujia, usikurupuke kukigawa. Kaa na watu uwasikilize. Kuna mambo matatu ninayotaka kuyajua, na huyapata katika mazungumzo ya kawaida, simhoji mtu kama karani wa sensa.

La kwanza ni kitabu alichomaliza mara ya mwisho. Nasema alichomaliza, si alichoanza. Akikuambia ni riwaya ya upelelezi aliyoisoma akiwa sekondari, basi umejua kwamba anapenda kisa kinachokimbia, usimpe kitabu cha falsafa cha kurasa mia nne hata kama wewe kimekutoa machozi.

La pili ni saa anayosoma na mahali. Kijana wa bodaboda anayepaki Kabwe husoma kati ya abiria na abiria, na abiria anaweza kuja aya ikiwa nusu. Huyo anahitaji sura fupi au hadithi fupi. Mama anayeuza viazi sokoni Soweto aliniambia muda wake ni Jumapili baada ya ibada, basi, na macho ya karibu yameanza kumsumbua. Tangu aliponiambia hivyo, namfungulia kitabu mtu yeyote aliyevuka miaka arobaini, namwambia, "Hebu nisomee hapa." Akikisogeza mbali na uso, maandishi ni madogo kwake. Tafuta toleo lenye herufi kubwa au tafuta kitabu kingine. Kumpa hicho hicho ni kumpa mzigo.

La tatu ni hali aliyonayo sasa. Mwenye msiba mbichi usimpelekee riwaya ya vifo ukidhani itamfariji. Aliyeachishwa kazi wiki hii hahitaji kitabu cha mbinu za utajiri. Ngoja. Kitabu hakiozi.

Kwa vijana kuna tahadhari ya ziada. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni, kwa sababu inasema waziwazi yanayowapata wasichana mikononi mwa watu wazima wanaopaswa kuwalinda. Mimi naamini ni kitabu ambacho binti wa kidato cha tatu na baba yake wote wawili wanapaswa kukisoma. Hata hivyo sijawahi kumpa binti wa mtu bila kuzungumza kwanza na mzazi. Namwambia mama yake kilichomo, namwomba akisome yeye kwanza. Mara mbili mama amekichukua. Mara moja amekataa, nikaheshimu.

Kumbuka pia kwamba sababu ya kumpa mtu kitabu si lazima aijue. Dada sikumwambia kwa nini nimemletea Peponi. Nilimwambia kinamhusu mtoto, basi.

Hatua ya tatu: dakika moja, kwa mdomo

Hapa ndipo panapohitaji mazoezi. Pendekezo zuri ni fupi na linasemwa ana kwa ana inapowezekana. Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli ya TAZARA, anaishi Iyunga, ambaye mwanawe alinihakikishia kwamba hasomi kitu ila Biblia na risiti za umeme. Nilimwendea jioni na Kuli, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Vuta kiti. Una nini hapo?"

"Kitabu, baba. Ni cha makuli wa bandari ya Zanzibar. Yumo kijana anaitwa Rashidi. Wanabeba mizigo kwa ujira mdogo, wanadharauliwa, hadi mwaka 1948 wanagoma. Nilipokuwa nakisoma nikakumbuka ulivyonisimulia mlivyokuwa mkipakia mabehewa usiku, mvua inanyesha."

"Hao makuli walikuwa na msimamizi?"

"Walikuwa naye. Utamwona mwenyewe. Ila lugha yake ni ya Unguja, baba, yapo maneno sikuyajua. Nimekuandikia karatasi humo ndani, maneno kumi na saba na maana zake. Nitapita mwisho wa mwezi kukusalimia."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akaanza kutafuta miwani.

Tazama yaliyomo. Nimetaja mtu mmoja na shida aliyo nayo. Nimeeleza kwa nini nimemletea yeye na si mwingine. Nimemwonya kuhusu ugumu, na ugumu wenyewe nimeupunguza kwa karatasi. Nimeweka siku. Sikusema mgomo uliishaje. Sikutumia neno "lazima" wala "kila mtu anakisoma", maana mtu mzima akiambiwa lazima hujenga ukuta.

Karatasi ya maneno ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Riwaya zetu nyingi zinazopendwa zimeandikwa na watu wa visiwani na pwani. Huku juu, Kiswahili tulichokulia nacho kimechanganyika na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena. Msomaji akikwama kwenye maneno manne katika ukurasa wa kwanza, anaona kitabu kimeandikiwa wengine. Kaa na kamusi saa moja, andika maneno kumi hadi ishirini yanayojirudia, weka namba ya ukurasa pembeni. Ukikiazimisha kwa mwingine, karatasi inakwenda nacho, naye ataongeza ya kwake. Ya Kuli imeshafika maneno thelathini na moja, kwa miandiko mitatu.

Kama mtu yuko mbali, mtumie ujumbe wa sauti, usizidi dakika mbili, pamoja na picha ya jalada. Usitume kitabu chenyewe kilichopigwa picha kurasa zote. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na zaidi ya sheria, waandishi wetu wanauza nakala chache mno kiasi kwamba kila nakala ina maana. Ukiombwa fotokopi ya kitabu kizima, kataa kwa upole, kisha uazimishe kitabu chenyewe.

Hatua ya nne: kukikabidhi na kukitunza

Jalidi kabla hakijatoka nyumbani. Kalenda ya mwaka uliopita ndiyo karatasi bora niliyoipata, ni ngumu na ni ya bure. Upande wenye picha weka ndani, mweupe nje, andika jina la kitabu kwa kalamu nzito.

Kisha kauntabuku. Piga mistari upate safu nne: kitabu, aliyechukua, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mwachie mkopaji ajaze mwenyewe kwa mkono wake. Hili si suala la kutomwamini. Mkono ulioandika tarehe huikumbuka. Sisi tunatoa wiki tatu, na kuanzia Novemba hadi Januari tunatoa hadi wiki sita kwa sababu watu wako mashambani wanapanda na kupalilia. Juni hadi Agosti, mavuno yameingia na baridi imewafungia watu ndani saa moja jioni, vitabu vinakwenda mbio. Kama una kitabu kinene, kiwekee msimu huo.

Mvua na unyevu ndio adui zetu. Tukuyu na Rungwe yote, kitabu kilichoegemezwa ukutani kinaota ukungu kabla msimu wa mvua haujaisha. Acha nafasi ya kiganja kati ya vitabu na ukuta, na usivibane. Kikilowa, usikianike juani wala usikiweke juu ya jiko, kurasa zitajikunja na gundi ya mgongoni itaachia. Kisimamishe kikiwa wazi kama feni, mahali penye upepo, na kati ya kurasa zilizolowa weka karatasi kavu zisizo na wino unaochuja, ukizibadilisha kila baada ya saa chache.

Kitabu cha maktaba ulichoazima kwa jina lako usikipitishe kwa mtu wa tatu. Maktaba za mkoa zipo Mbeya na Iringa, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mpeleke mwenzako ajiandikishe.

Hatua ya tano: kukituma kwa basi

Mbeya na Iringa ziko zaidi ya kilomita 300, na basi ndilo posta yetu. Funga kitabu kwenye mfuko wa nailoni kwanza, kisha gazeti, kisha mfuko mwingine. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji na ya kwako pande mbili za mzigo, maana upande mmoja huchubuka. Katia risiti stendi ya Nanenane hapa Mbeya, ipige picha, mtumie mpokeaji pamoja na namba za basi na saa lilipoondoka. Mpokeaji aende stendi ya Igumbilo, kule Iringa, siku hiyo hiyo. Tumewahi kupoteza kitabu kimoja kwa sababu nilimkabidhi kondakta mkononi bila risiti, nikiharakisha kurudi kazini. Kilikuwa na karatasi ya maneno ya wasomaji watano.

Hatua ya sita: kukutana

Si lazima, lakini inaongeza utamu. Watu watano hadi wanane wanatosha. Kila mmoja aje na kitabu kimoja alichosoma karibuni na azungumze kwa dakika tano, kisha maswali. Msisome wote kitabu kimoja. Vitabu ni ghali na mtaishia kusubiriana.

Mwanzo wa kikao sisi huuliza: nani ameacha kitabu njiani, na ameachia wapi? Swali hili limetufungua sana. Mwanzoni watu walikuwa wanajifanya wamemaliza. Siku mama wa viazi aliposema kwamba ameacha kwa sababu mhusika mwanamke anapigwa na mwandishi anapita kama hakuona, tulizungumzia hilo tu hadi giza likaingia. Kitabu hicho nilikipenda. Nilikisoma upya baada ya hapo, nikaona alichokiona.

Hapa niombe jambo moja kwa uzito wote. Mkikutana wakati wa baridi, mtataka jiko la mkaa ndani. Liwasheni nje hadi mkaa ushike wote, kisha mkiliingiza acheni dirisha wazi na mlango nusu wazi muda wote. Ile hewa ya mkaa haina harufu na imeua watu huku kwetu waliofunga kila kitu ili wapate joto. Anayeanza kuumwa kichwa au kusinzia atoke nje mara moja, na jiko litolewe. Vaeni makoti, mleteane blanketi, chai ya tangawizi ifanye kazi iliyobaki.

Hatua ya saba: kinaporudi

Usiulize, "Umekipenda?" Mtu atasema ndiyo, kwa heshima. Uliza, "Umefika wapi?" au "Nani humo umemchukia?" Mzee wa Iyunga, mwisho wa mwezi, hakuniacha nimalize salamu. Alikuwa ameshakisoma mara mbili na alitaka kunieleza mwandishi amekosea wapi kuhusu namna ya kubeba gunia ngazini. Alisimama akanionyesha, bega la kushoto, mkono wa kulia kiunoni. Kisha akaniuliza kama kipo kingine.

Na kisiporudi? Kumbusha mara moja kabla ya tarehe, mara moja baada ya tarehe, kwa sauti ya kawaida. Baada ya hapo nenda umtembelee bila kutaja kitabu. Mara nyingi mtoto ndiye atakayekuletea kutoka chumbani. Kitabu usichoweza kuvumilia kukipoteza usikiazimishe kabisa. Mimi ninacho kimoja cha namna hiyo, marehemu baba aliandika jina langu ndani yake. Atakaye kukisoma hukisoma sebuleni kwangu.

Peponi ilichelewa. Dada alikaa nayo miezi miwili na nusu badala ya wiki sita, sikumkumbusha. Februari mzigo ukafika Nanenane, na ndani hakikuwamo kitabu. Kulikuwa na kilo mbili za maharage na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Kaka, kamwene. Nimemsomea shangazi kwa sauti, macho yake hayaoni tena. Tumefika nusu. Naomba kibaki hadi Pasaka."

Kwenye kauntabuku nimeongeza jina la shangazi chini ya la dada, na safu ya nne nimeandika Pasaka.